Taa Barazani, Daftari Dukani: Mila za Familia za Diwali katika Jinja na Mbale na Nafasi ya Kiswahili katika Kuzieleza

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mila za kifamilia za Diwali, sikukuu kubwa ya Wahindu, kwa kurejelea miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda. Yanaeleza usuli wa jamii inayoiadhimisha, kalenda inayoiongoza, na kazi zinazofanywa na wanafamilia katika kila siku ya sikukuu. Kisha yanachunguza msamiati ambao Kiswahili kinao tayari kwa ajili ya kuieleza, na mahali ambapo msamiati huo hupotosha. Hoja kuu ni kwamba tafsiri iliyozoeleka, "sikukuu ya taa", huficha sehemu tatu muhimu za sikukuu yenyewe: hesabu, udugu na usafishaji wa ugomvi. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu mtaala, ratiba za mitihani na uhifadhi wa urithi, wakati Uganda inapopanua matumizi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, kati ya nusu ya pili ya Oktoba na katikati ya Novemba, taa ndogo za udongo huwashwa katika baraza za nyumba za Wahindu wa Jinja, Mbale, Tororo na miji mingine ya mashariki mwa Uganda. Kwa mpita njia, tukio hilo huonekana kuwa la usiku mmoja: taa, fataki na vitu vitamu. Kwa familia yenyewe ni mfululizo wa siku tano au zaidi, na kila siku ina jina lake, kazi yake na chakula chake. Tafsiri ya "sikukuu ya taa" ni sahihi kwa maana ya neno, kwa kuwa Diwali ni ufupisho wa neno la Kisanskriti dipavali, lenye maana ya safu ya taa. Hata hivyo, tafsiri hiyo humfikisha msomaji barazani tu. Haimwingizi jikoni, haimfunulii daftari la hesabu, wala haimfikishi kwenye nyumba ya dada aliyeolewa.

Suala hili lina uzito wa kisera. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikipa Kiswahili nafasi ya somo la lazima katika madarasa ya mwanzo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa maazimio ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hii. Kwa hiyo Kiswahili kinazidi kuwa lugha ambayo kwayo mtoto wa Uganda atasoma habari za jirani yake. Ikiwa lugha hiyo haina maneno ya kumweleza jirani huyo kwa usahihi, itamweleza kwa maneno ya dukani na ya kejeli.

Ufafanuzi mmoja wa awali unahitajika. Katika mazungumzo ya kila siku neno "Mhindi" hubeba maana mbili: mtu mwenye asili ya Bara Hindi, na mfuasi wa dini ya Kihindu. Maana hizi hazilingani. Waismaili, Wabohora, Masingasinga, Wajaini na Wagoa Wakatoliki wote huitwa Wahindi ilhali si Wahindu. Makala haya yanatumia "Mhindi" kwa asili na "Mhindu" kwa dini. Neno la zamani "Banyani", lililotokana na jina la Kigujarati la watu wa tabaka la wafanyabiashara, linaepukwa kwa sababu limekusanya dharau.

2.0 Usuli: Reli, Pamba na Maduka

Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, ilitumia vibarua wa mkataba wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa Wapunjabi. Wengi walirejea kwao mikataba ilipokwisha. Familia nyingi za Wahindu waliokuja kukaa Busoga na Bugisu hazikutokana na vibarua hao bali na wafanyabiashara wa Kigujarati kutoka Kathiawar, Kutch na wilaya za Kheda na Surat. Waliingia kwa gharama zao wenyewe, mara nyingi kijana akitanguliwa na ndugu au jamaa ambaye tayari alikuwa na duka.

Jinja ilikuwa mlango wa pamba ya Busoga. Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912, na viwanda vya kuchambulia pamba vikafuata. Mwaka 1930 Muljibhai Madhvani, aliyefika Uganda akiwa kijana mwaka 1908, alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, kilomita chache mashariki mwa Jinja. Mbale nayo ilikua kwa pamba ya tambarare na kahawa ya mlima Elgoni, kwenye njia ya reli itokayo Tororo kuelekea Soroti. Katika mitaa ya Mbale, Malukhu ukiwa mmojawapo, makazi na shughuli za viwanda vilikaribiana, na majirani walisema Lumasaba, Luganda, Ateso, Kigujarati na Kipunjabi. Kiswahili kilitumika pale ambapo hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake.

Jinja ina alama nyingine ya kipekee. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimiminwa mahali ambapo Mto Naili hutoka katika Ziwa Viktoria, na mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua sanamu ya kumbukumbu mahali hapo. Kwa Wahindu, maji yanayotiririka ni sehemu ya ibada ya maisha na mauti, hivyo chanzo cha Naili kiliingia katika ramani yao ya kiroho pamoja na ile ya kibiashara.

3.0 Kalenda: Kwa Nini Tarehe Hubadilika

Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kalenda ya Kiislamu anajua kwamba Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka na hatimaye kuzunguka majira yote. Diwali nayo hufuata mwezi, lakini haizunguki majira. Kalenda ya Kihindu huongeza mwezi mmoja wa ziada kila baada ya takriban miaka mitatu ili miezi ibaki sambamba na jua. Kwa hiyo Diwali huweza kusogea ndani ya takriban mwezi mmoja tu, kati ya Oktoba na Novemba.

Kwa Wagujarati, siku yenyewe ya Diwali ni ya mwisho wa mwezi wa Aso, usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Siku inayofuata ni ya kwanza ya mwezi wa Kartak na pia ni mwanzo wa mwaka mpya katika hesabu ya Vikram, ambayo hutangulia hesabu ya kawaida kwa miaka 56 au 57. Usiku wenye giza kuliko yote ndio unaofunga mwaka, na taa zina kazi ya kuuvusha mwaka kutoka giza hilo.

Mazingira ya Uganda yameleta tofauti mbili. Kwanza, siku za mwezi katika kalenda hii huhesabiwa kwa nyakati kamili za mwendo wa mwezi, na saa za Uganda ziko nyuma ya saa za India kwa saa mbili na nusu. Siku ya mwezi inayoanza India baada ya magharibi inaweza kuwa imeanza Uganda kabla ya magharibi, hivyo kalenda iliyochapishwa Gujarat huweza kutofautiana kwa siku moja na hesabu ya mahali. Pili, Jinja na Mbale ziko karibu sana na ikweta. Magharibi huingia karibu saa ile ile mwaka mzima, na miezi hiyo katika eneo hili ni ya mvua. Taa zinazopangwa ukutani na darini huko Gujarat, ambako msimu wa mvua umekwisha, hapa hutafutiwa hifadhi ya baraza.

4.0 Siku za Sikukuu Ndani ya Familia

Maelezo yanayofuata yanahusu desturi za Wagujarati, ambao ndio walioweka msingi wa sikukuu hii katika eneo husika. Wahindu Wapunjabi hutilia mkazo zaidi kurejea kwa Rama mjini Ayodhya baada ya miaka kumi na minne ya uhamisho. Masingasinga huadhimisha siku hiyo kwa kumbukumbu ya kuachiliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior, na Wajaini kwa kumbukumbu ya ukombozi wa mwisho wa Mahavira. Wahindu wa kusini mwa India huanza alfajiri ya siku ya kumi na nne kwa kuoga baada ya kujipaka mafuta. Sikukuu ni moja, lakini kila familia huingia kwa mlango wake.

4.1 Maandalizi na Dhanteras

Kazi ya kwanza ni usafi. Nyumba hufagiliwa kuanzia darini, vyombo vya shaba husuguliwa, vitu vibovu hutupwa, na mwenye uwezo hupaka rangi upya. Imani inayoongoza kazi hii ni kwamba Lakshmi, mungu mke wa neema na mali, haingii nyumba chafu. Jikoni hutayarishwa vyakula vinavyodumu: chevdo, sev, gathiya na mathiya kwa upande wa chumvi, magas ya unga wa dengu na samli, penda ya maziwa na ghughra zilizojazwa nazi kwa upande wa sukari. Kazi hii ni ya wanawake wa vizazi kadhaa kwa pamoja, na ndipo vipimo visivyoandikwa hupita kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwana.

Siku ya kumi na tatu, Dhanteras, hununuliwa chombo cha chuma, fedha au dhahabu, hata kiwe kijiko. Mizani, sarafu na mapambo ya familia huoshwa na kuwekewa alama ya unga mwekundu. Mali haiabudiwi kwa ajili yake yenyewe. Hutambuliwa kuwa amana inayoweza kuondoka.

4.2 Kali Chaudas

Siku ya kumi na nne huhusishwa na nguvu za giza na ugomvi. Katika familia nyingi za Kigujarati, mwanamke wa nyumba hukaanga maandazi ya dengu na kuyapeleka njia panda, ambako huyaweka chini na kuyazungushia maji. Tendo hili huitwa kuondoa kakalat, yaani ugomvi na manung'uniko ya ndani ya nyumba. Kisha hurudi bila kugeuka nyuma.

Mila hii ndiyo inayohitaji maelezo zaidi kuliko zote. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, chakula kilichoachwa njia panda huhusishwa na uchawi au na kuhamishia wengine balaa. Msomaji wa pwani, hata hivyo, anaijua kafara, na hilo ndilo neno linalokaribia zaidi maana ya tendo hili: kitu hutolewa ili shari iondoke nyumbani, bila kumlenga mtu. Maelezo yanayotumia neno "kafara" hufungua mlango wa kuelewana. Yanayotumia neno "uganga" huufunga.

4.3 Diwali na Ibada ya Madaftari

Asubuhi ya siku kuu, mbele ya kizingiti huchorwa rangoli kwa unga wa rangi, aghalabu na wasichana wa nyumba. Juu ya mlango hutundikwa toran, kamba ya majani ya mwembe au maua. Jioni, taa za udongo zenye utambi wa pamba na mafuta au samli huwashwa kwanza mbele ya madhabahu ya nyumbani, kisha hupelekwa mlangoni, madirishani na barazani.

Kwa familia ya wafanyabiashara, kitovu cha siku hiyo ni chopda pujan, ibada ya madaftari. Hesabu za mwaka unaokwisha hufungwa. Daftari jipya, lenye jalada jekundu kwa desturi, huwekwa mbele ya sanamu au picha za Lakshmi na Ganesh. Katika ukurasa wa kwanza huchorwa alama ya swastika, ambayo katika utamaduni huu ni alama ya kale ya heri, na neno Shri huandikwa kwa safu zinazopanuka hadi lipate umbo la piramidi. Pembeni huandikwa maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Jani la tambuu, popoo na sarafu huwekwa juu yake, kisha wanafamilia huzungusha taa na kugawana vitu vitamu. Siku hizi kompyuta mpakato huwekwa kando ya daftari au badala yake na kupewa alama ile ile nyekundu.

Mpangilio wa maneno hayo mawili una maana. Heri hutangulia faida. Kabla ya daftari kufunguliwa, deni linalolipika hulipwa na lisilolipika hukubaliwa waziwazi mbele ya jamaa. Ibada hii ni ukaguzi wa hesabu unaoshuhudiwa na familia nzima, watoto wakiwemo.

4.4 Bestu Varas, Mwaka Mpya

Alfajiri ya siku inayofuata, wanafamilia huamka mapema, huvaa nguo mpya na kusalimiana kwa utaratibu wa umri. Wadogo huinama na kugusa miguu ya wakubwa. Wakubwa huwawekea mkono kichwani na kuwapa watoto fedha. Kwa mujibu wa desturi ya Gujarat, kitu cha kwanza kununuliwa siku hiyo ni chumvi, iitwayo sabras, kwa kuwa ndiyo inayokamilisha ladha zote. Kisha huanza ziara. Nyumba ya mkubwa wa ukoo hutembelewa kwanza, na aliyekuwa na ugomvi na jamaa hutarajiwa kupita kwake kabla ya jua kutua. Hekaluni huandaliwa annakut, mlima wa vyakula unaotolewa kwa Mungu na baadaye kugawiwa waumini.

Salamu ya siku hiyo ni "Sal Mubarak". Neno sal ni la Kiajemi, lenye maana ya mwaka. Mubarak ni la Kiarabu. Salamu ya Wahindu kwa sikukuu yao wenyewe imejengwa kwa maneno yaliyopita katika bahari ile ile iliyokipa Kiswahili "mubaraka" na "baraka". Msemaji wa Kiswahili huelewa nusu ya salamu hiyo kabla hajatafsiriwa.

4.5 Bhai Bij na Labh Pancham

Siku ya pili ya mwezi mpya ni Bhai Bij. Kaka humtembelea dada yake aliyeolewa, hula chakula alichopika na kumpa zawadi. Simulizi yake ni ya Yama, mungu wa mauti, aliyekaribishwa na dada yake Yamuna na kumpa ahadi kwamba kaka atakayekula kwa dada siku hiyo atalindwa. Katika jamii ambamo binti huhamia kwa wakwe, siku hii huthibitisha kwamba hajakatika kutoka kwa watu wake. Barabara kati ya Mbale, Tororo, Jinja na Kampala ndizo zinazoibeba mila hii.

Siku ya tano, Labh Pancham, maduka hufunguliwa rasmi na biashara ya kwanza ya mwaka huandikwa katika daftari jipya. Hapo ndipo sikukuu huisha.

5.0 Kiswahili Kina Nini Tayari

Msamiati wa Diwali katika Kiswahili unaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la maneno yaliyokwisha kuwa ya Kiswahili. Fataki, bepari, hundi, bima, laki, chapati, bajia, achari na kachumbari yote yametoka katika lugha za Bara Hindi. Maneno rangi, daftari na duka, ambayo asili yake ni Kiajemi na Kiarabu, yapo katika Kiswahili na Kigujarati kwa pamoja. Rangoli yenyewe imeanza na shina lile lile la rangi. Mwalimu anaweza kueleza sehemu kubwa ya sikukuu bila kukopa neno jipya.

Hata hivyo, neno lililokopwa huweza kuhama maana. Bepari katika Kigujarati ni mfanyabiashara tu. Katika Kiswahili lilianza na maana hiyo, kisha katika siasa za miaka ya 1960 na 1970 likawa jina la mnyonyaji. Sentensi kama "mabepari huabudu madaftari yao" ingekuwa tafsiri ya karibu kwa kila neno, na uongo kwa maana yake yote. Inapendekezwa kutumia "wafanyabiashara" na "ibada ya madaftari", kisha kueleza kwamba kinachoombewa ni hesabu safi.

Kundi la pili ni la maneno yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana, hususani ya udugu. Katika Kigujarati kaka ni baba mdogo, dada ni babu mzaa baba, na mama ni mjomba. Maneno matatu ya msingi kabisa ya familia ya Mswahili humtaja mtu wa jinsia au kizazi kingine katika familia ya Mgujarati. Mtoto anayelelewa na yaya anayesema Kiswahili hujifunza mifumo yote miwili na kubadilisha kulingana na anayezungumza naye. Kwa mtafiti anayekusanya maelezo ya Bhai Bij, kosa hapa si dogo: kauli kwamba "mama amekuja na zawadi" inaweza kumhusu mjomba. Wanaorekodi simulizi za familia hizi wanapaswa kuandika uhusiano wenyewe kando ya neno lililotumika.

Kundi la tatu ni la majina maalumu: Dhanteras, Kali Chaudas, Bestu Varas, Bhai Bij, Labh Pancham. Haya yabaki kama yalivyo, kama ambavyo Kiswahili kimeacha Pentekoste na Ashura, na kila moja lipewe maelezo mafupi mara ya kwanza linapotajwa. Kwa jina la sikukuu yenyewe, umbo "Diwali" ndilo lililoenea. "Divali" na "Dipavali" yanaweza kutajwa kama maumbo mengine.

6.0 Mwaka 1972 na Kalenda Iliyokatika

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda wa siku tisini ukawekwa, ukiishia tarehe 8 Novemba. Alikuwa amewashutumu kwamba wanamkama ng'ombe bila kumlisha. Kati ya Waasia wapatao 80,000 waliokadiriwa kuishi nchini, zaidi ya 27,000 walikwenda Uingereza, maelfu wengine Kanada na India, na waliosalia walitawanyika katika nchi nyingi.

Kalenda ya Kihindu inaeleza jambo ambalo tarehe hizi peke yake hazielezi. Mwaka huo Diwali iliangukia tarehe 5 Novemba, siku tatu kabla ya mwisho wa muda. Usiku wa kufunga hesabu ulikuja wakati maduka mengi yamekwisha kufungwa na wenyewe wameondoka. Labh Pancham, siku ya kufungua duka na kuandika biashara ya kwanza, iliangukia baada ya tarehe 8. Kwa familia ya Kigujarati ya Jinja au Mbale, mwaka wa 2029 wa Vikram haukuwa na ukurasa wa kwanza nchini Uganda.

Mali zilizoachwa ziliwekwa chini ya bodi maalumu ya serikali, na sheria ya mwaka 1982 ikaweka utaratibu wa kuzirejesha, ambao ulishika kasi katika miaka ya 1990. Baadhi ya familia zilirudi. Kwa kuongezea, wahamiaji wapya walifika moja kwa moja kutoka India, wakiwemo Wahindu wa kusini. Majengo yalirejeshwa kwa hati. Mila hazikuwa na hati. Zilirudi kwa njia ya wanawake waliokuwa wamezitunza Leicester, London au Toronto, na kwa njia ya wageni waliokuja na desturi za mikoa yao. Ndiyo maana Diwali ya leo katika miji hii si ile ya 1971 iliyoganda, bali ni mchanganyiko wa kurejea na kuanza upya.

7.0 Athari kwa Sera

Jambo la kwanza ni ratiba. Diwali si sikukuu ya umma nchini Uganda. Nchini Kenya, sheria ya sikukuu za umma huitambua kwa Wahindu, bila kuifanya mapumziko ya taifa zima. Nchini Uganda mitihani ya taifa ya shule ya msingi na ya kidato cha nne hufanyika Oktoba na Novemba, yaani ndani ya dirisha lile lile la Diwali. Kwa kuwa tarehe ya sikukuu hukokotolewa miaka mingi mbele, waandaaji wa ratiba wanaweza kuiangalia mapema bila gharama yoyote. Kifungu cha 37 cha Katiba humpa kila mtu haki ya kudumisha utamaduni, lugha na dini yake pamoja na wengine. Kutomlazimisha mtoto achague kati ya mtihani na taa ya nyumbani kwao ni tafsiri ndogo na ya vitendo ya kifungu hicho.

Jambo la pili ni utambuzi. Jedwali la Tatu la Katiba ya Uganda, linaloorodhesha jamii za asili, halitaji watu wenye asili ya Bara Hindi. Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2017 kuwa jamii ya 44 ya nchi hiyo. Mjadala wa kisheria una njia zake, lakini vitabu vya Kiswahili havihitaji kuusubiri. Kitabu kinachoeleza imbalu, jando la Wamasaba, kinaweza kueleza Diwali katika sura hiyo hiyo. Imbalu huchezwa barabarani katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kuanzia Agosti hadi Desemba. Kwa hiyo kila baada ya mwaka mmoja mtoto wa Mbale husikia ngoma na fataki katika msimu mmoja. Mila moja humtoa kijana nje mbele ya umma, nyingine huwarudisha jamaa ndani ya nyumba. Ulinganisho huo hufundisha zaidi kuliko orodha ya sikukuu.

Jambo la tatu ni uhifadhi. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa kitamaduni usioshikika. Mila zilizoelezwa hapa hutegemea watu wachache wanaokumbuka vipimo, nyimbo na utaratibu. Mradi wa kurekodi kwa Kigujarati na Kiswahili kwa pamoja, ukiwashirikisha pia wafanyakazi wa nyumbani na wa dukani ambao wamezishuhudia kwa miaka mingi, ungehifadhi maarifa yasiyopatikana katika kumbukumbu za mahekalu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuratibu istilahi ili Mganda, Mkenya na Mtanzania wasome maelezo yanayolingana.

8.0 Hitimisho

Diwali ya Jinja na Mbale ni sikukuu ya nyumbani zaidi kuliko ya barabarani. Nguvu yake imo katika matendo madogo yanayopangwa kwa siku: kufagia, kukaanga, kufunga hesabu, kuinama mbele ya mkubwa, kula kwa dada. Matendo hayo yaliwahi kukatwa kwa amri ya serikali na yakarudi bila amri yoyote. Kiswahili kina sehemu kubwa ya maneno ya kuyaeleza, kwa kuwa bahari na biashara zilikwisha kuyaleta. Kinachohitajika ni kuyatumia kwa uangalifu: kumtofautisha Mhindu na Mhindi, kafara na uchawi, mfanyabiashara na mnyonyaji, kaka wa Kiswahili na kaka wa Kigujarati. Watunga mitaala na ratiba wakizingatia tofauti hizo, mwanafunzi atakayesoma kuhusu Diwali kwa Kiswahili atasoma habari za jirani anayemjua.